Kuhifadhi mipangilio si kuisakinisha: mafaili ya nukta kati ya kompyuta na kompyuta

Uliza kundi lolote la waandishi wa programu namna ya kuhamishia mipangilio yako kwenye kompyuta mpya, utapata majibu matatu. Mmoja atasema weka kila kitu kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Wa pili atasema ingia kwenye akaunti yako tu, mambo yatakuja yenyewe. Wa tatu atakuambia ameandika skripti yake, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano: amri moja na mashine mpya inageuka kuwa ile ya zamani. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake: wa kwanza anazungumzia kuhifadhi, wa pili kulandanisha, yaani kufanya mashine zote ziwe na nakala ileile, wa tatu kusakinisha. Muulizaji anaondoka na majibu yote matatu kichwani, ananakili folda yake nzima kwenye flashi, anaimwaga kwenye mashine mpya, na nusu ya vitu vinagoma.

Tuanze chini kabisa.

Tunazungumzia nini hasa

Ndani ya kompyuta yako kuna programu, kuna data na kuna mipangilio. Programu ni kihariri cha maandishi, Git, kivinjari. Data ni picha, barua, miradi yako. Mipangilio ni maandishi, mara nyingi mafupi, yanayoiambia programu ifanye kazi vile upendavyo wewe: rangi zipi, herufi za ukubwa gani, jina gani liandikwe kwenye kila badiliko, amri ndefu ipewe kifupi gani. Mfikirie fundi nguo. Cherehani ni programu, nguo ulizonazo ni data, na vipimo vyako alivyoviandika daftarini ni mipangilio. Ukienda kwa fundi mwingine hubebi cherehani. Unabeba vipimo, na vipimo vinaenea kwenye karatasi moja.

Kwenye Linux, macOS na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, sehemu kubwa ya mipangilio hiyo imo katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ndani ya folda yako ya nyumbani, ile inayoandikwa kwa alama ~ kwenye amri. Majina ya mafaili hayo huanza na nukta: .bashrc, .zshrc, .vimrc, .gitconfig. Ndiyo mafaili ya nukta. Ukiorodhesha folda kwa ls huyaoni. Ukiandika ls -a yanatokeza yote. Ndani ya Finder ya macOS, bonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja.

Nukta hiyo haina ulinzi wowote ndani yake. Rob Pike, aliyekuwa Bell Labs, maabara ilikozaliwa Unix, alieleza mwaka 2012 kwamba ilitokana na njia ya mkato. Unix ilipoanza kuruhusu folda ndani ya folda, kila folda ilipata maingizo mawili ya ziada: nukta moja, yaani folda yenyewe, na nukta mbili, yaani folda iliyo juu yake. Ili ls isiyaonyeshe, liliwekwa sharti fupi: jina likianza na nukta, liruke. Ilipaswa kulinganishwa jina zima. Kwa haraka hiyo ndogo, kila faili lenye nukta mwanzoni likatoweka machoni, waandishi wa programu wakapata pa kurundika mafaili yao bila mtu kulalamika, na folda za nyumbani zikajaa takataka hadi leo.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba faili lililofichwa ni faili la siri. Programu yoyote unayoiendesha kwa jina lako inaweza kulisoma. Na kwenye Windows nukta haifichi kitu kabisa; kule kufichwa ni sifa inayobandikwa kwenye faili, jina lake liwe lolote.

Tangu mwaka 2003 kuna mwongozo wa freedesktop.org, unaojulikana kwa herufi XDG, unaojaribu kupanga rundo hilo: mipangilio ikae ~/.config, data ya programu ~/.local/share, na vitu vya muda ~/.cache. Programu nyingi mpya zinaufuata, za zamani zinaufuata zikitaka. Git, kwa mfano, husoma ~/.gitconfig na pia ~/.config/git/config. Mwongozo huu unasaidia kujua usibebe nini: ~/.cache haina safari, iache ifie hapo hapo. Lakini usidanganyike ukabeba ~/.config yote. Kwenye Linux, kivinjari cha Chromium huweka wasifu mzima humo, pamoja na historia yako na vidakuzi vya tovuti ulizoingia.

Kazi ya kwanza: kuhifadhi

Kuhifadhi maana yake ni kuwa na mahali pamoja ambapo mipangilio yako ipo, salama, hata kompyuta ikiibwa. Basi. Haijasema chochote kuhusu namna mipangilio hiyo itakavyofika kwenye programu.

Wale wanaosema "ingia kwenye akaunti" wanapata jambo hili kwa urahisi, ila kwa programu moja moja. Firefox inalandanisha ya Firefox. Kihariri cha VS Code kina ulandanishi wake na unafanya kazi vizuri. Sioni sababu ya kujitesa nao. Lakini hakuna hata moja kati yao inayolijua faili lako la .bashrc.

Wengine huweka mafaili kwenye folda la wingu linalojilandanisha lenyewe. Inafanya kazi, hadi siku unapokosea. Andika mstari mbovu ndani ya .zshrc, na kabla hujafungua dirisha jipya la amri kuona kama umeharibu, ubovu umeshafika kwenye mashine zako zote. Ukihariri kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja unapata nakala mbili zinazogombana, na huduma haijui ipi ni sahihi.

Git inakulazimisha useme mwenyewe: hiki kimekamilika, kirekodi; sasa kipeleke. Ucheleweshaji huo ndio faida yake. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, lakini faili la mistari ishirini linanufaika nayo vilevile: unajua ulibadilisha nini, lini, na unaweza kurudi nyuma. Baada ya miezi sita utaukuta mstari usiouelewa ndani ya .vimrc, na maelezo uliyoyaandika siku unaurekodi ndiyo yatakayokuambia kwa nini upo.

Hapa kuna mkanganyiko mwingine: Git si GitHub. GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008, ni mahali pamoja pa kuweka hazina za Git, yaani folda zenye mafaili pamoja na historia yake. Hazina yako inaweza kukaa kwenye seva yako mwenyewe, kwenye diski ya pembeni, hata kwenye flashi. Hadharani utakuta hazina nyingi sana za watu zenye jina dotfiles, na kuzisoma ni shule nzuri, lakini kuweka yako hadharani si sharti.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Mtu akisikia "weka Git" huenda kwenye folda ya nyumbani akaandika git init pale pale. Sasa folda yote ni hazina: picha, miradi, barua. Siku moja akiwa ndani ya folda ndogo asiyojua kwamba si hazina inayojitegemea, anaendesha git clean -fdx ili asafishe mabaki ya mradi. Amri hiyo hufuta kila faili humo ambalo Git haijaagizwa kulifuatilia, na halipiti kwenye pipa la taka. Wanaopenda mafaili yakae papo hapo bila kuhamishwa wana njia bora zaidi: hazina isiyo na folda ya kazi (folda ambamo mafaili huhaririwa), iliyowekwa kando, mfano ~/.hazina, pamoja na kifupi cha amri kinachoiambia Git kwamba folda ya kazi ni ~. Kisha unaizuia isiorodheshe mafaili isiyoyafuatilia kwa status.showUntrackedFiles no. Programu iitwayo yadm imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Faida ni kwamba amri ya kawaida ya git, ukiwa popote ndani ya folda ya nyumbani, haiioni hazina hiyo.

Mimi napendelea folda moja ya kawaida. Tuiite ~/mipangilio. Yote yanayofuata yanaichukulia hiyo.

Kazi ya pili: kuweka kila faili mahali pake

Umefungua kompyuta mpya, umeshusha ~/mipangilio kutoka kwenye hazina. Fungua Vim, kihariri cha maandishi: hakuna kilichobadilika. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu walidhani kazi imekwisha. Vim inatafuta ~/.vimrc. Haijui wala haijali kwamba una folda iitwayo mipangilio.

Kuna njia tatu za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni kunakili. Ni rahisi, lakini sasa una mafaili mawili, na utakalolihariri wakati una haraka ni lile lililo nje ya hazina. Baada ya mwezi hujui lipi ni la kweli.

Ya pili ni kiungo. Kiungo ni faili dogo lisilo na kitu ndani isipokuwa anwani ya faili jingine. Programu ikifungua ~/.vimrc, mfumo unaipeleka moja kwa moja hadi kwenye faili halisi, na programu yenyewe haina habari. Ukihariri huku umehariri kule. Amri ni hii:

ln -s ~/mipangilio/vim/.vimrc ~/.vimrc

Kwanza kitu kilichopo, kisha mahali kiungo kitakapokaa. Watu huigeuza, na nadhani kila mtu ameigeuza walau mara moja maishani. Ukitumia anwani isiyoanzia kwenye mzizi wa mfumo wala kwenye ~, kumbuka kwamba mfumo utaisoma kuanzia pale kiungo kilipo. Wewe ulikuwa umesimama folda gani ulipoandika amri, haihusiki. Viungo vingi vinavyoelekea pasipokuwepo huzaliwa hivyo.

Folda zina mtego wake. Tuseme unaandika:

ln -s ~/mipangilio/nvim ~/.config/nvim

na ~/.config/nvim tayari ipo kwa sababu ulikwisha kufungua Neovim, mdogo wake Vim, ukaweka vitu humo. Amri haitalalamika. Itatengeneza kiungo ndani ya folda ile, yaani ~/.config/nvim/nvim, na Neovim itaendelea kusoma mipangilio ya zamani kana kwamba hukufanya kitu. Utakaa unahariri faili sahihi bila matokeo. Dawa ni kuhamisha folda ya zamani kwanza, kisha kuunganisha. Vivyo hivyo ukiendesha amri ile mara ya pili wakati kiungo kipo: kiungo kinafuatwa, na kingine kinazaliwa ndani ya hazina yako. Chaguo la -n linaizuia ln isikifuate kiungo kilichopo, ndiyo maana kwenye skripti nyingi utaona ln -sfn. Halisaidii mbele ya folda halisi.

Programu nyingine huvunja viungo. Zikihifadhi, huandika faili jipya kando kisha hulibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Ni namna nzuri ya kuepuka faili lililoandikwa nusu umeme ukikatika. Ila kilichokuwa pale kilikuwa kiungo, na sasa ni faili la kawaida. Amri ya sed -i ya GNU hufanya hivyo hasa usipoiambia ifuate viungo. Ukiona badiliko ulilolifanya halionekani kwenye git status, amri inayoorodhesha yaliyobadilika, angalia kwa ls -l kama kiungo bado ni kiungo.

Kutengeneza viungo kimoja kimoja kunachosha, na ndipo GNU Stow inapoingia. Ni programu ya tangu miaka ya 1990, iliyotengenezwa kupanga programu zilizosakinishwa chini ya /usr/local, watu wakagundua inafaa kwa mafaili ya nukta. Ndani ya ~/mipangilio unaweka folda moja kwa kila programu, na ndani yake unapanga mafaili kama yatakavyokaa nyumbani. Ukisimama humo ukaandika stow vim, inatengeneza viungo katika folda iliyo juu, yaani ~. stow -D vim inaviondoa. Ikikuta faili halisi mahali kiungo kinapotakiwa kukaa, inakataa kuendelea, na kukataa huko ndiko ninakokupenda.

Kwenye Windows, kutengeneza kiungo huhitaji haki za msimamizi au hali ya wasanidi iwe imewashwa. Hiyo peke yake hufanya wengi wachague njia ya tatu.

Njia hiyo ya tatu ni kuzalisha. Badala ya kiungo, kuna programu inayosoma hazina yako na kuandika faili halisi mahali pake. chezmoi ndiyo maarufu zaidi. Hazina yake hukaa ~/.local/share/chezmoi, na .bashrc humo huitwa dot_bashrc. chezmoi diff inakuonyesha kitakachobadilika, chezmoi apply inakibadilisha. Gharama yake ni tabia: ukihariri ~/.bashrc moja kwa moja umehariri zao, mbegu iko kwingine. chezmoi ikitaka kuandika juu ya faili ulilolibadilisha itakuuliza kwanza, lakini kazi ya kurudisha badiliko kwenye hazina ni yako.

Kazi ya tatu: mashine hazifanani

Laiti kompyuta zote zingekuwa sawa, makala yangeishia hapo. Laptopu ya kazini inahitaji barua pepe ya kazini. Seva haina skrini, haihitaji rangi. Mac huweka programu mahali tofauti na Linux. Watu wengi hutatua hili kwa kuanzisha tawi moja la Git, yaani mkondo wa mabadiliko unaojitegemea, kwa kila mashine, na ningewashauri wasifanye hivyo. Kila badiliko dogo litahitaji kuhamishwa tawi hadi tawi, na baada ya muda una mipangilio minne isiyo na undugu.

Programu nyingi tayari zina njia ya ndani. Git, tangu toleo la 2.13 la mwaka 2017, inakubali masharti ndani ya faili lake:

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi

Hazina yoyote iliyo chini ya ~/kazi itatumia jina na barua pepe zilizo kwenye faili hilo la pili. Nyingine zote zitatumia za kawaida. Mkwaju (/) wa mwisho wa mstari, baada ya kazi, una maana: unajumuisha kila kilichomo ndani.

Kwa faili la sheli, yaani ile programu inayopokea amri zako kwenye dirisha la maandishi, mstari mmoja unatosha:

[ -f ~/.bashrc.hapa ] && . ~/.bashrc.hapa

Ya jumla yanakaa kwenye hazina. Ya mashine hii peke yake yanakaa kwenye .bashrc.hapa, ambalo haliingii hazinani kabisa. Njia hii itakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Ukiona masharti yamekuwa mengi ndipo violezo vya chezmoi vinaanza kuwa na maana: faili moja lenye mapengo yanayojazwa kulingana na mfumo au jina la mashine.

Na kuna malalamiko moja yanayorudi kila mara: ".bashrc yangu inafanya kazi Linux, kwenye Mac haisomwi." Bash ikiendeshwa kama sheli ya kuingilia husoma .bash_profile, ikifunguliwa ndani ya kikao ambacho tayari kipo husoma .bashrc. Madirisha mengi ya amri kwenye Linux ni ya aina ya pili. Programu ya Terminal ya macOS hufungua ya aina ya kwanza. Isitoshe, tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 sheli ya akaunti mpya ni Zsh, ambayo haina habari na .bashrc, yenyewe husoma .zshrc. Hapo hakuna kilichoharibika.

Watumiaji wa Windows wajihadhari na miisho ya mistari. Git ya Windows inaweza kubadilisha alama ya mwisho wa mstari inaposhusha mafaili, na skripti ya sheli yenye alama hizo itagoma ikiendeshwa ndani ya Linux, huku ukiitazama unaona iko sawa kabisa. Faili la .gitattributes lenye mstari * text eol=lf linamaliza mjadala.

Siri: hapa ndipo watu huumia

Mafaili yafuatayo hayapaswi kuingia hazinani: ufunguo binafsi wa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao), kwa mfano ~/.ssh/id_ed25519; ~/.aws/credentials, ~/.netrc, ~/.git-credentials, ~/.npmrc ikiwa ina tokeni (msimbo unaotumika badala ya nywila), na .bash_history, ambayo watu huisahau ingawa mara nyingi ina nywila iliyobandikwa kwenye amri kwa haraka.

"Hazina yangu ni ya faragha, hakuna anayeiona." Ya leo ni ya faragha. Kesho utataka kumwonyesha mwenzako .vimrc yako, utabonyeza iwe ya hadharani, na historia yote itafunguka pamoja nayo. Hata ikibaki faragha, kila mashine uliyoishushia sasa ina nakala ya siri zako zote.

"Nimelifuta faili." Umelifuta kwenye toleo la leo. Git imejengwa isisahau, na toleo la jana bado limo. Kuna zana ya kuandika upya historia, git filter-repo, lakini haiwezi kuzifikia nakala ambazo wengine wameshashusha. Kwa hiyo siri ikitoka, hatua ya kwanza ni kuibatilisha: ingia kwenye huduma husika, fungia ufunguo ule, toa mpya. Kusafisha historia kunafuata, ukitaka. Watu hufanya kinyume, wanatumia saa nzima kusafisha huku ufunguo ungali hai.

Tangu mwaka 2024 GitHub huzuia kwa kawaida siri inazozitambua zisiingie kwenye hazina za hadharani. Ni msaada mzuri, ila inatambua tokeni zenye umbo linalojulikana. Nywila uliyoitunga mwenyewe haina umbo.

Kinga iliyo bora ni kugeuza utaratibu. Badala ya kuorodhesha yasiyotakiwa, zuia yote kisha ruhusu machache: weka nyota peke yake kwenye mstari wa kwanza wa .gitignore, !*/ kwenye wa pili ili Git iweze kuingia ndani ya folda ndogo, halafu taja unayoyataka kwa alama ya mshangao mbele, kama !.vimrc. Ukisahau kitu, kilichosahauliwa kitabaki nje badala ya kuingia ndani.

Kuhusu funguo za SSH, usizibebe hata kidogo. Tengeneza mpya kwa ssh-keygen kwenye kila mashine na usajili ufunguo wake wa umma, ule usio siri, kunakohusika. Laptopu ikipotea unafuta ufunguo mmoja, mashine nyingine zinaendelea na kazi. Faili la ~/.ssh/config linaweza kusafiri, ila jihadhari na ruhusa: Git haikumbuki ruhusa za faili zaidi ya kama linaweza kuendeshwa au la, na ssh hukataa kusoma faili hilo ikiwa watu wengine kwenye mashine wanaweza kuliandika. chezmoi hutatua hili kwa neno private_ mwanzoni mwa jina. Vinginevyo skripti yako ifanye chmod 600, yaani wewe peke yako uweze kulisoma na kuliandika.

Siri zisizoepukika zinaweza kukaa kwenye kitunza nywila kama Bitwarden, 1Password au pass, na chezmoi ikazichota wakati wa kuandika faili. Hazinani panabaki kiolezo tu.

Skripti ya kusakinisha

Skripti nzuri ya kusakinisha inaweza kuendeshwa mara kumi na matokeo yakawa yale yale ya mara ya kwanza. Mbaya utaijua kwa mistari kama huu:

echo 'export PATH="$HOME/bin:$PATH"' >> ~/.bashrc

Kila ukiiendesha inaongeza mstari uleule chini ya faili. Na kama ~/.bashrc tayari ni kiungo, inauongeza ndani ya hazina. Tumia mkdir -p kwa folda, ln -sfn kwa viungo, na kabla ya kuunganisha angalia kama kuna faili halisi pale. Lipo, lihamishie pembeni kwa jina jingine, usilifute.

Usiiendeshe kwa sudo. Mafaili yatakayozaliwa nyumbani kwako yatakuwa mali ya msimamizi, na programu zako zitashindwa kuyaandika bila kueleza vizuri kwa nini.

Na mipangilio haileti programu. .zshrc inayoita fzf, programu ndogo ya kutafuta, kwenye mashine isiyo na fzf itakupa kosa kila ukifungua dirisha. Ama weka sharti, command -v fzf >/dev/null && kisha unachotaka, ama tunza orodha ya programu kando. Wanaotumia Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine, huiweka kwenye Brewfile na kuisakinisha kwa brew bundle. Mashine za muda za GitHub Codespaces zinaweza kushusha hazina yako ya mipangilio zenyewe na kuendesha install.sh ikiwemo, hivyo skripti inayosubiri ujibu maswali itakwama huko.

Skripti ya mtu mwingine isome kabla ya kuiendesha, hasa ile ya kushusha na kuimimina moja kwa moja kwenye sheli. Hata ikiwa ni salama, imeandikwa kwa mashine yake. Kuchukua mistari elfu mbili ya mtu mashuhuri na kuifanya yako ni kurithi matatizo yasiyokuhusu. Chukua mstari unaouelewa, acha mingine.

Kwa hiyo utumie ipi? Mashine moja au mbili zinazofanana: folda, Git na viungo vichache vya mkono. Mashine kadhaa za Linux na Mac: Stow inatosha. Ukiwa na Windows katikati, au siri nyingi, au tofauti nyingi kati ya kazini na nyumbani, chezmoi inalipa muda wa kujifunza. Nix pamoja na home-manager hufunga programu na mipangilio kwa pamoja, lakini hapo umejifunza lugha nzima mpya. Nenda huko ikiwa unaipenda, usiende kwa sababu ya .vimrc.

Kabla ya kuiamini kazi yako, ijaribu bila kununua kompyuta. Fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine uliyonayo, ingia nayo, shusha hazina, endesha skripti. Fungua dirisha jipya la amri uone kama kuna kosa. Andika git config user.email ndani ya hazina iliyo chini ya ~/kazi, kisha nje yake, ulinganishe. Endesha skripti mara ya pili, kisha git status ndani ya hazina: isionyeshe badiliko lolote. Ikionyesha, kuna mstari wa >> umejificha mahali, na ni afadhali uupate leo kwenye akaunti utakayoifuta jioni.